Binti anataka kusomea filamu, vyuo vya akiba nimjazie vipi?

MamaMbao, Mafinga

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za jioni. Naandika kutoka Mafinga. Ukungu umeshashuka, jiko la mkaa liko miguuni, na mzigo wa mbao wa leo umeshapakiwa, kwa hiyo nina nafasi ya kueleza vizuri.

Binti yangu wa pili amemaliza kidato cha sita mwezi wa tano, kombi ya HKL. Matokeo tunayasubiri Julai. Mtihani wa utimilifu, ile moko, alipata B ya Kiswahili, C ya Historia na D ya Kiingereza. Sasa hivi yuko JKT kwa mujibu wa sheria, kambi ya mbali, na huko simu si ya kushika unapotaka. Siku anaondoka aliniachia daftari. Ukurasa wa kwanza kaandika baruapepe yake na nywila. Ukurasa wa pili kaandika: "Mama, mimi ni filamu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Usinijazie kitu kingine bila kuniuliza."

Sasa nitamwuliza saa ngapi? Akipata simu ni dakika tatu nne, na nyuma yake kuna foleni ya wenzake.

Jirani yangu mmoja aliyesomesha watoto watatu kaniambia nijaze hicho cha Dar juu, halafu chini nijaze chochote: ualimu, utawala, ustawi wa jamii, ili mradi mtoto asibaki nyumbani. Baba yake naye anasema hivyohivyo. Mimi roho inakataa, na nitawaambia kwa nini.

Desemba tulikwenda kwa bibi yake, mama yangu mzazi, upande wa Kalenga. Bibi anasuka vikapu vya milulu. Binti akaomba simu yangu, hii iliyopasuka kona. Akaiegemeza kwenye dumu la mafuta, akachomeka gunzi la hindi chini upande mmoja ili isilale. Halafu akakaa tu. Nikamwambia, rekodi basi twende tukale. Akasema, "Subiri jua liingie dirishani mama, mikono ya bibi haionekani." Tulikaa karibu saa nzima. Simu ya mdogo wake akaitia kwenye mkunjo wa kanga ya bibi, kifuani, ichukue sauti peke yake. Jioni akaniwekea alichokipata, dakika nne. Unasikia mlulu unavyovutwa, na bibi anavyoshusha pumzi kila anapokaza. Nina miaka arobaini na sita, nimelelewa kwa vikapu hivyo, na ile pumzi sikuwahi kuisikia.

Mtoto wa namna hiyo nikimjazia utawala nitakuwa nimemfanya nini?

Uwezo wangu: bila mkopo naweza kutoa milioni mbili na nusu kwa mwaka, hapo nimeweka ada, chumba, chakula na nauli. Biashara ya mbao ina msimu, siwezi kuahidi zaidi. Mkopo ukija tutashukuru.

Ninachoomba: Dar ikikataa, vyuo gani vya akiba ambavyo vitampokea kweli na atasoma kitu chake? Diploma ni kushuka? Na hivi vyuo vinavyojitangaza kwamba vinapokea hata mwenye sifa ndogo, vipoje? Kuna na shemeji anasema nimtafutie Marekani.

Mwalimu wa Kihesa

Kamwene mama. Nafundisha sekondari hapa Iringa mjini na kila Julai nakaa na vijana mmoja mmoja kwenye jambo hili, kwa hiyo nitaanza na hesabu maana ndiyo inayotuliza moyo.

A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, cha kuingia shahada ni masomo mawili ya ufaulu mkuu, yaani A hadi E, jumla isiwe chini ya pointi 4. Binti akirudia alichopata kwenye utimilifu, masomo yake mawili bora yanampa 7. Yuko juu ya sakafu. Lakini sakafu siyo mlango. Kila kozi ina masomo yake inayoyataka, na waombaji wakizidi nafasi wanachukuliwa wenye pointi nyingi. Kwa hiyo fungua kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka huu kwa waliomaliza kidato cha sita, utafute kozi kwa jina, usome mstari wote hadi mwisho. Mwongozo wa mwaka jana usiutumie, masharti hubadilika.

Tangu 2017 hakuna kuomba kupitia TCU. Unaomba chuo kimoja kimoja, kila kimoja kwa mfumo wake. Hii ina maana unaweza kuomba Dar, Dodoma na kwingine kwa wakati mmoja. Akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja atatumiwa namba maalumu ya kuthibitisha chuo anachokitaka, kwa ujumbe wa simu au baruapepe, na ana siku chache tu za kufanya hivyo.

Hapo kwenye namba hiyo naomba nikae kidogo. Nilikuwa na mwanafunzi, kijana mzuri wa kutoka Ilula, alichaguliwa vyuo viwili. Laini aliyojazia ilikuwa kwenye simu aliyoiuza kabla ya kwenda JKT. Ujumbe ukaenda hewani. Aliporudi dirisha limefungwa, akaingia awamu iliyofuata na kozi aliyoitaka imejaa. Nilimwona siku hiyo amekaa kwenye ngazi za ofisi yetu na bahasha magotini, sijasahau. Mama, weka namba YAKO. Na hakikisha baruapepe inafunguka kabla hujaanza kujaza chochote.

Kuhusu diploma: aliyemaliza kidato cha sita akiwa na ufaulu mkuu wa somo moja na ufaulu mdogo, yaani S, wa jingine, mlango wa diploma uko wazi. Hata matokeo yakianguka vibaya, mtoto wako hajakosa kila kitu. Na mwenye diploma akipata wastani wa 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada. Siyo kushuka. Ni kuzunguka.

Neno la mwisho ni langu kama mwalimu, nalisema kwa uchungu. Ualimu usiwe kapu la waliokosa kozi nyingine. Miaka kumi na tisa nimekaa chumba cha walimu na watu walioletwa na karatasi ya "jaza chochote". Wanaumia wao, na wanaumia watoto arobaini mbele yao. Kama binti hataki kufundisha, usimjazie.

MamaMbao, Mafinga

Mwalimu ahsante sana. Laini itabadilishwa kesho asubuhi. Ila nieleze, Dodoma wana filamu kweli? Mimi nilijua ni Dar tu.

Mwalimu wa Kihesa

Wana shahada inayounganisha sanaa za maonyesho na filamu, Chuo Kikuu cha Dodoma. Dar ipo shahada ya filamu na televisheni chini ya idara ya sanaa bunifu. Zihakiki zote mbili kwenye mwongozo wa mwaka huu kabla hujalipia maombi. Na kwa mtu wa Mafinga Dodoma ina faida nyingine: kutoka Iringa mjini ni lami kwa njia ya Mtera, kilomita kama 260. Dar ni karibu mara mbili ya hapo. Nauli za likizo ukizihesabu kwa miaka mitatu utaona tofauti.

Kamera ya Mwanjelwa

Dada MamaMbao, nimesoma habari ya gunzi mara tatu. Nina miaka 34, nakula kwa kamera hapa Mbeya tangu 2015. Napiga harusi, misiba, kahawa ya Mbozi, parachichi za Rungwe, na kila mwaka kazi mbili tatu za mashirika. Vijana wanaokuja kwangu kujifunza wote wanauliza kamera gani ni nzuri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza sauti itatoka wapi. Binti yako alitenganisha sauti na picha bila kufundishwa na mtu. Sikilizeni, huyo asipotee.

Sasa nikwambie yangu, maana swali lako la vyuo vinavyopokea kila mtu mimi nililijibu kwa pesa ya baba yangu.

Nilipomaliza shule nilijaza chuo kimoja tu cha ndoto, nikakosa. Sikuwa na akiba. Septemba imefika, wenzangu wanafunga mabegi, mimi nikaona tangazo la chuo kimoja binafsi cha mjini, sitakitaja, picha ya kijana ameshika kamera kubwa begani. Filamu, mwaka mmoja, sifa zozote. Baba akauza ng'ombe wawili huku Chimala, akalipa ada yote kwa mkupuo kwa sababu kulikuwa na punguzo. Tulikuwa wanafunzi kama sitini. Kamera moja. Ilikuwa inakaa ofisi ya mhasibu, kwenye kabati la chuma la kijani, na funguo alikuwa nazo mtu ambaye Ijumaa haji. Mwaka mzima niliishika mara mbili. Mara ya kwanza kuiangalia, mara ya pili kupiga picha ya mahafali ya waliotutangulia. Cheti nilichopata hakikunipeleka popote, nilipokwenda kuomba kuendelea niliambiwa hakitambuliki.

Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Tutafute tena." Mwaka uliofuata nikaenda Bagamoyo.

TaSUBa ni taasisi ya umma, imekuwepo tangu 1981, zamani tukiita Chuo cha Sanaa. Nilienda kwa unyonge, nikijua ni chuo cha ngoma. Kweli ngoma ipo, na nilicheza, na nilipiga, na niliigiza mbele ya watu huku magoti yanagongana. Miezi ya kwanza nilinung'unika. Baadaye nikaelewa kwamba wananifundisha mtu anavyosogea kabla hawajanipa chombo cha kumrekodi. Leo nikiwa kwenye send-ofu hapa Mbeya najua shangazi anakaribia kulia kabla hajalia, na kamera yangu imeshafika. Hicho nilikitoa Bagamoyo. Na ufundi wa taa za jukwaani, ambao ndio mpaka leo unaniokoa kwenye kumbi zetu hizi zenye taa za rangi ya zambarau.

Kwa hiyo mimi akiba yangu ya kwanza ilikuwa shimo, na ya pili ikawa ndiyo maisha yangu. Tofauti yake ilikuwa nini? Si jina la chuo. Cha kwanza hakikuwa na kitu cha kunikabidhi mkononi.

Ndiyo maana nakuomba, kabla hujajaza chuo chochote cha akiba, piga simu au tuma mtu. Usiulize ofisini, ofisini watakupa karatasi inayong'aa. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili. Muulize umeshika kamera mwezi wa ngapi tangu ufike. Muulize mko wangapi kwa kamera moja. Unaruhusiwa kulala nayo? Hili la kulala nayo ni kubwa dada, kwa sababu muvi hutengenezwa alfajiri na usiku, na kamera inayorudishwa saa tisa alasiri haijawahi kuona jua likizama. Muulize kompyuta za kuediti ni ngapi na umeme ukikatika wanafanyaje. Muulize kazi yako ya mwisho iko wapi niione. Kama mwaka wa pili mzima hakuna mtu mwenye dakika tano za kukuonyesha, funga simu.

Na kwa diploma yoyote, tazama kwanza usajili wa chuo NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya diploma, namba yake na kozi yenyewe. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa uandishi wa habari na bado kozi ya filamu haijaidhinishwa. Mimi hapo ndipo nilipoangukia.

Kuna kitu kingine watu hawakipigii hesabu. Wanasema diploma ni nafuu kwa hiyo ndiyo salama. Angalia mkopo. Bodi ya Mikopo hukopesha wa shahada, na mikopo ya diploma iliyoanza 2023/24 ililenga fani chache za kipaumbele kama afya, usafirishaji na nishati. Diploma ya sanaa uihesabu kwa pesa ya mbao tupu. Shahada ya Dodoma yenye mkopo nusu inaweza kutoka mfukoni mwako kidogo kuliko diploma isiyo na mkopo. Lakini usije ukajenga hesabu yako yote juu ya mkopo pia, fani zetu za sanaa hazijawa mstari wa mbele. Fanya hesabu mbili, ya mkopo umekuja na ya mkopo haujaja. Chuo cha akiba ni kile ambacho hata kwenye hesabu ya pili mtoto anamaliza.

Mimi ningepanga hivi: Dar kwa moyo, Dodoma katikati, Bagamoyo chini kabisa kama msingi wa nyumba. Na ningemwambia binti sababu ya kila kimoja.

Mzee wa Uyole

Mama, hongera kwa kulea. Nitasema kinyume cha kijana wa kamera, asinichukie. Nimesomesha wanne. Filamu ni kipaji, na kipaji hakiishi kwa sababu mtu kasoma kitu kingine. Asome uhasibu au ugavi, kamera ainunue kwa mshahara. Nimeona vijana wa sanaa wenye shahada wanarudi nyumbani kukaa. Akiba maana yake ni kitu kinachokulisha jambo likiharibika. Ukimwekea akiba ya kitu kilekile kilichoharibika, hapo hujaweka akiba, umeongeza dau.

Kamera ya Mwanjelwa

Shikamoo mzee. Sikuchukii, baba yangu alisema maneno hayohayo kabla ya wale ng'ombe. Nakubali mtu awe na kitu cha kumlisha. Ila mzee, uhasibu kwa mtoto wa HKL asiye na hisabati ni njia ndefu kuliko ya Bagamoyo. Kama ni chakula, mimi ningemwongezea ufundi wa karibu na filamu yenyewe: umeme wa taa, VETA, chuo cha ufundi, ipo Mbeya na Iringa, au uandishi wa habari wa redio na televisheni. Anayejua kufunga taa bila kuunguza fyuzi ya ukumbi hakosi kazi Jumamosi.

Mzee wa Uyole

Marahaba. Hapo kwenye umeme tumeelewana.

Mbozi aliyeko UDOM

Mama shikamoo. Mimi niko Dodoma mwaka wa pili, kozi nyingine, lakini hosteli nakaa na dada wa sanaa. Chuo ni kikubwa sana, koleji ziko mbalimbali, upepo na vumbi jitayarishe, na baridi ya Mafinga utaisahau. Nimemuuliza maswali ya kaka wa Mwanjelwa yote. Anasema kwa siku za kwanza nadharia ni nyingi, historia ya tamthilia na uchambuzi, vitendo vinaongezeka mbele. Anasema anayekuja na kazi zake za simu anaendelea kupiga bila kusubiri, anayekuja mikono mitupu anachoka. Nikirudi likizo naweza kupita Mafinga nikaongea na binti kama atakuwa ametoka JKT.

Mtu wa Tukuyu, Ohio

Dada yangu, ndaga fijo kwa kuandika hili. Mimi ni wa Rungwe, niko Columbus mwaka wa kumi na mbili, na mwanangu mkubwa alipitia haya mwaka juzi, naye ni filamu. Nijibu la shemeji.

Huku wana desturi ya kugawa vyuo mafungu matatu: vya kubahatisha, vya saizi yako, na wanavyoviita vya usalama, ambako una hakika ya kuingia. Kwa filamu vya kubahatisha vinajulikana, USC ya Los Angeles ambayo skuli yake ya filamu ni ya tangu 1929, na NYU ya New York. Vingi vinataka mbali na alama utume kazi zako, video fupi, maandishi, picha. Mfumo wa pamoja wa maombi unaruhusu hadi vyuo 20, na tarehe za mwisho nyingi ziko karibu na Januari mosi.

Sasa nikwambie kilichonipata. Mwanangu tulimwekea vyuo vitatu vya usalama, vyote vya jimbo, kwa alama tu. Akakosa vya juu, akapokelewa vyote vitatu, tukashangilia. Tukaenda kukitembelea cha kwanza. Filamu yenyewe ilikuwa masomo manne ndani ya idara ya tamthilia, na chumba cha kuediti kilikuwa kimegeuzwa stoo ya viti. Njiani kurudi hakuongea maili sitini. Aliniambia usiku, "Mama, hiki ulichagua kwa sababu kitanichukua. Mimi ningekichagua kwa sababu gani?" Nikakosa jibu. Mwishowe alianza chuo cha jamii karibu na nyumbani, miaka miwili, ada ndogo, kamera wanaazimwa wikiendi nzima, kisha akahamia chuo kikuu. Hakikuwemo hata kwenye orodha yetu ya mwanzo.

Lakini huyo ni mkazi wa huku. Kwa mtoto atakayetoka Mafinga hesabu ni nyingine kabisa. Ili apate viza ya masomo, chuo lazima kimpe fomu ya I-20, na hakiitoi mpaka uonyeshe pesa ya mwaka wa kwanza, yote, ada na kuishi. Vyuo vinavyompokea mgeni bila kutazama uwezo wake na kisha kumlipia pengo ni vichache mno, na hivyo ndivyo vigumu kuliko vyote kuingia. Vyuo rahisi kuingia mara nyingi havina msaada wa maana kwa mgeni. Kwa hiyo chuo cha usalama cha Mmarekani si cha usalama kwako. Kazi akiwa masomoni ni ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki, haimlipii ada.

Simkatazi. Asome nyumbani, atengeneze filamu fupi tatu nne za kueleweka, azipeleke tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, pale Ngome Kongwe watu wa dunia nzima hupita. Akija huku kwa shahada ya pili akiwa na kazi mkononi, mlango wa ufadhili ni mwingine. Mwambie shemeji hivyo kwa upole.

Mwalimu wa Kihesa

Maneno ya dada wa Ohio nitayabandika ubaoni. Mama, usisahau Bodi ya Mikopo wanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo. Anza sasa, matokeo si lazima kwa hilo. Julai mfumo unajaa watu na majibu yanachelewa.

MamaMbao, Mafinga

Ndugu zangu, narudi baada ya siku nne. Nimesoma yote, mengine nimemsomea baba yake usiku tukiota moto. Kwenye habari ya kabati la kijani alininyang'anya simu akasoma mwenyewe.

Binti alipiga jana. Dakika tano, safari hii foleni ilikuwa fupi. Sikumwuliza anataka nini, hilo kaliandika. Nilimwuliza Dar ikikataa, kipi ungekwenda bila kulia. Akanyamaza kidogo, nikasikia wanaimba nyuma yake. Akasema, "Bagamoyo, mama. Kule kuna watu wa kuigiza, hapa nina bibi tu." Nikamwuliza na Dodoma? Akasema Dodoma sawa kama wataniachia kamera usiku. Nikacheka mpaka machozi, maana maneno yenu hajayasoma.

Kwa hiyo tumepanga. Nitajaza Dar na Dodoma dirisha likifunguka, na Bagamoyo nitaomba moja kwa moja chuoni. Ualimu simjazii. Baba yake ameomba tuweke na umeme wa VETA Iringa, kama yote matatu yakikataa, asome huku anasubiri mwaka mwingine. Nilimwambia binti, akasema taa anazitaka, hata hiyo si adhabu. Mzee wa Uyole, hiyo ni yako.

Hesabu mbili nimezifanya nyuma ya kitabu cha mbao. Bila mkopo, Dar inanizidi uwezo kwa kama laki sita kwa mwaka, nimeanza kuziweka, kila mzigo wa paini unaotoka natoa elfu ishirini pembeni kabla sijagusa nyingine. Kwa Bagamoyo nasubiri karatasi ya ada, mpwa wangu yuko Dar ataipita Jumanne, na nimempa maswali ya kamera ayaulize kwa mwanafunzi, siyo ofisini.

Cheti cha kuzaliwa nimekipata chini ya sanduku, kimekunjika ila namba inasomeka. Leo mchana nimekipeleka kwa kijana wa stesheneri kukituma RITA. Baruapepe yake inafunguka, tumeijaribu mara mbili. Na laini niliyojazia iko kwenye kitochi changu, kile ninachotembea nacho msituni, betri yake inakaa siku tano.